Mwalimu Kwanza: Maandalizi ya Walimu wa Historia ya Wamarekani Weusi wa Mijini na Nafasi ya Kiswahili Ndani Yake

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna walimu walivyoandaliwa kufundisha historia ya Wamarekani Weusi wa mijini na ya Vuguvugu la Haki za Kiraia, kuanzia mwaka 1915 hadi miaka ya 1970. Hoja yake kuu ni kwamba historia hiyo ilienea au ilikwama kwa kutegemea maandalizi ya mwalimu kuliko wingi wa vitabu. Mifano inatoka Chicago, South Carolina, Mississippi na Brooklyn. Makala inaonyesha pia kwamba Kiswahili kiliingia katika historia hiyo kwa mlango wa walimu, na kwamba maumbo ya Kiswahili yaliyoundwa huko yanastahili kusomwa kama ushahidi wa kihistoria kabla ya kuhukumiwa kisarufi. Mwisho, inajadili msamiati ambao mwalimu anayefundisha mada hii kwa Kiswahili analazimika kuupima upya, hususan maneno ubaguzi, utengano na geto.

1. Utangulizi

Masimulizi yaliyozoeleka ya Vuguvugu la Haki za Kiraia nchini Marekani yana njia moja. Huanzia Montgomery, Alabama, Desemba 1955, Rosa Parks alipokataa kumwachia abiria Mzungu kiti cha basi. Hupita Washington, Agosti 1963, katika maandamano makubwa. Kisha huishia katika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Mauaji ya Martin Luther King, Memphis, tarehe 4 Aprili 1968, huongezwa kama tamati ya huzuni.

Masimulizi haya si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba hayana jibu kwa swali ambalo mwanafunzi makini hawezi kukosa kuliuliza. Sheria ya kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti 1965. Siku tano baadaye, mtaa wa Watts katika jiji la Los Angeles ukawaka moto, na watu 34 wakafa. Julai 1967 zilifuata ghasia za Newark, zilizoua watu 26, na za Detroit, zilizoua 43. Ikiwa haki ilikwisha kupatikana, watu wa miji hiyo walikuwa wakidai nini? Mwalimu aliyepokea masimulizi ya njia moja hubaki na majibu mawili, yote mabaya: ama awaone watu wa mijini kuwa wakorofi wasioridhika, ama aseme kwamba vuguvugu liliharibika baada ya kutoka Kusini.

Watafiti wa historia ya miji wameonyesha kwamba kulikuwa na historia nyingine iliyokwenda sambamba na ile ya Kusini. Arnold Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu Chicago, na Thomas Sugrue, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Detroit, wamefafanua jinsi makazi, ajira na mikopo vilivyopangwa kwa rangi katika miji ya Kaskazini muda mrefu kabla ya moto wa miaka ya 1960. Rosa Parks mwenyewe ni kielelezo: alihamia Detroit mwaka 1957, akaendelea na harakati huko kwa miongo kadhaa, lakini masimulizi mengi humwacha ndani ya basi la Montgomery.

Utafiti upo, basi. Swali la makala hii ni namna maarifa ya aina hiyo yanavyomfikia mwalimu. Swali hilo lina historia yake, na katika historia hiyo Kiswahili kina sehemu ambayo wanaisimu wa Kiswahili hawajaishughulikia vya kutosha.

2. Woodson, Morgan na walimu wa Chicago

Carter G. Woodson, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alipata shahada ya uzamivu ya historia katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1912. Septemba 1915, akiwa Chicago, alianzisha chama cha uchunguzi wa maisha na historia ya watu Weusi. Mwaka uliofuata chama kikaanza kuchapisha jarida la kitaaluma. Kama Woodson angekuwa mwanazuoni wa kawaida angeishia hapo. Badala yake, mwaka 1926 alianzisha Juma la Historia ya Weusi, lililoangukia Februari na ambalo mwaka 1976 lilipanuliwa kuwa mwezi mzima. Na mwaka 1937 akaanzisha jarida la pili, jepesi kwa lugha na lenye picha, lililowalenga walimu wa shule.

Mfuatano huo una maana. Katika kitabu chake cha mwaka 1933, The Mis-Education of the Negro, Woodson alisisitiza kwamba mwalimu Mweusi aliyesomeshwa katika mfumo uliomdharau huubeba mfumo huo hadi darasani kwake. Kwa mantiki hiyo, kumpatia kitabu kipya hakutoshi, maana atakisoma kwa jicho lilelile. Jarida la walimu na juma la maadhimisho vilikuwa njia za kumsomesha mwalimu upya akiwa kazini. Mwalimu aliyelazimika kuandaa igizo, maonyesho na hotuba za wanafunzi kila Februari alijikuta yeye mwenyewe akisoma.

Chicago yenyewe ilikuwa mahali mwafaka pa kazi hiyo. Sensa ya mwaka 1910 ilihesabu Weusi 44,103 katika jiji hilo. Ya mwaka 1920 ilihesabu 109,458. Ongezeko hilo lilikuwa sehemu ya Uhamaji Mkuu, ambapo kufikia mwaka 1970 takriban watu Weusi milioni sita walikuwa wameondoka Kusini kwenda miji ya Kaskazini na Magharibi. Madarasa ya Chicago yalijaa watoto wa wahamaji, lakini vitabu vyao vya maarifa ya jamii viliwataja Weusi kama watumwa tu, pale vilipowataja.

Mwalimu wa shule ya msingi, Madeline Morgan, alilichukua pengo hilo kuwa kazi yake. Aliandaa mada za nyongeza za maarifa ya jamii kuhusu mchango wa Weusi, na mwaka 1942 mamlaka ya shule za umma za Chicago ikazikubali zitumike. Tukio hilo lilikuwa la nadra katika mji mkubwa wa Marekani wakati huo, na mazingira ya vita vya pili vya dunia yalilisaidia, kwa kuwa serikali ilihitaji umoja wa raia. Baada ya vita, msukumo huo ulififia. Somo lililobaki ni kwamba mada zilizoandikwa vizuri huishi kadiri walimu wanaozielewa wanavyokuwepo. Idhini ya ofisi peke yake haizitii uhai.

3. Mwalimu anayejifunza: South Carolina na Mississippi

Hatua ya pili ilifanyika mbali na miji mikubwa, lakini ndiyo iliyoweka msingi wa mbinu. Septima Clark, mwalimu wa Charleston, alianza kufundisha katika kisiwa cha Johns mwaka 1916. Mwaka 1956 South Carolina ilipopiga marufuku watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, alikataa kujitoa, akafukuzwa kazi baada ya takriban miaka 40 ya ualimu. Akaenda Highlander, shule ya watu wazima huko Tennessee, ambako Rosa Parks alikuwa amehudhuria warsha Agosti 1955, miezi michache kabla ya tukio la basi. Akishirikiana na Esau Jenkins wa kisiwa cha Johns, Clark aliandaa darasa la kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika ili wafaulu mtihani uliowazuia kujiandikisha kupiga kura.

Darasa hilo lilifunguliwa Januari 1957 katika chumba cha nyuma cha duka la ushirika. Aliyechaguliwa kulifundisha, Bernice Robinson, alikuwa msusi, wala hakuwahi kusomea ualimu. Uteuzi wake ulikuwa wa makusudi. Clark na Jenkins walihofu kwamba mwalimu mwenye cheti angewatendea wazee kama watoto. Robinson alianza kwa kuwauliza wanafunzi walitaka kujifunza nini. Walitaka kuandika majina yao, kusoma Biblia na kujaza fomu za kuagizia bidhaa. Hayo yakawa mtaala, na katiba ya jimbo ikaingia baadaye kwa njia hiyohiyo. Mbinu hiyo ilienea kwa jina la Shule za Uraia. Mwaka 1961 ilihamishiwa katika jumuiya iliyoongozwa na King, na walimu wapya wakawa wanaandaliwa katika kituo cha Dorchester huko Georgia.

Mississippi, mwaka 1964, ikaiongezea mbinu hiyo historia ya mijini. Desemba 1963 Charles Cobb, kijana wa kamati ya wanafunzi iliyojulikana kama SNCC, alipendekeza zifunguliwe Shule za Uhuru wakati wa likizo ya kiangazi. Machi 1964 kongamano la mtaala lilifanyika New York, na Juni walimu wa kujitolea, wengi wao wanafunzi Wazungu wa vyuo vikuu vya Kaskazini, wakaandaliwa katika chuo kimoja cha mji wa Oxford, Ohio. Mafunzo hayo yalikuwa yakiendelea pale vijana watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, walipotoweka Mississippi tarehe 21 Juni. Miili yao ilipatikana Agosti. Hata hivyo, shule 41 zilifunguliwa, na wanafunzi zaidi ya 2,000 wakahudhuria.

Mtaala wa uraia wa shule hizo ulikuwa na sehemu saba. Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito kwa hoja ya makala hii: ilihusu maisha ya Weusi wa Kaskazini, na kichwa chake kilikuwa swali lililohoji kama kwenda Kaskazini kulikuwa kwenda kwenye uhuru. Yaani, katikati ya mapambano ya Kusini, watoto wa Mississippi walikuwa wakifundishwa kwamba Chicago haikuwa nchi ya ahadi, na kwamba walichohitaji kukielewa ni namna mamlaka yanavyopangwa popote pale. Hoja ambayo wanahistoria wa chuo kikuu waliikamilisha miaka ya 1980 na 1990 ilikuwa tayari imewekwa mikononi mwa walimu wa kujitolea wakati wa kiangazi cha 1964.

Namna ya kuiweka pia ni muhimu. Mtaala uliandikwa kwa maswali zaidi kuliko majibu. Sababu ilikuwa ya kivitendo: walimu walitoka nje, na wanafunzi waliijua Mississippi kuliko wao. Mwalimu mwenye majibu tele angewanyamazisha. Mwenye maswali alilazimika kusikiliza.

4. Mji kama somo: mfano wa Chicago

Mwalimu wa historia ya mijini anahitaji kitu kimoja ambacho mwalimu wa historia ya Kusini anaweza kukikwepa, nacho ni maelezo ya utendaji. Kusini kulikuwa na bango lililosomeka na sheria iliyoandikwa. Chicago haikuwa na sheria iliyomkataza Mweusi kuishi mahali fulani, na bado watu walitengana kwa rangi. Mwalimu asiyeweza kueleza ilivyowezekana hubaki na dhana kwamba watu walipenda tu kukaa na wenzao.

Njia zilikuwa angalau nne. Ya kwanza ni masharti yaliyoandikwa ndani ya hati za viwanja kwamba nyumba isiuzwe wala isipangishwe kwa Mweusi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza masharti hayo, lakini kufikia hapo yalikuwa yamekwisha kuuchora mji. Ya pili ni mikopo. Katika miaka ya 1930 wakala wa serikali ulichora ramani za miji ambamo maeneo ya daraja la chini kabisa yalipakwa rangi nyekundu, na mitaa ya Weusi ikaingia humo. Mamlaka ya bima ya mikopo ya nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1934, nayo ikakataa kudhamini mikopo katika mitaa hiyo.

Njia ya tatu ilitokana na ya pili. Familia isiyopata mkopo wa benki ilinunua nyumba kwa mkataba kutoka kwa walanguzi, waliokuwa wameinunua kwa bei ndogo kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akihama kwa hofu. Mnunuzi alitoa kitangulizi kikubwa na malipo ya kila mwezi, lakini hati ilibaki kwa mwuzaji hadi senti ya mwisho ilipwe. Akikosa awamu moja angeweza kutolewa, na nyumba ikauzwa kwa mwingine. Mtaa wa North Lawndale, ambao mwaka 1950 ulikuwa na Weusi takriban asilimia 13, ulikuwa na asilimia 91 mwaka 1960, na wengi walinunua kwa mikataba ya aina hiyo. Njia ya nne ni makazi ya umma: nyumba za Robert Taylor, zilizokamilika mwaka 1962, zilikuwa majengo 28 ya ghorofa 16 yaliyopangwa kwa mstari ndani ya ukanda uliokuwa tayari wa Weusi.

Shule zilifuata ramani hiyo. Mtoto alisoma alikoishi, kwa hiyo shule za Weusi zilifurika hadi watoto wakasoma kwa zamu mbili, huku shule za Wazungu zikiwa na vyumba vitupu. Msimamizi wa shule za jiji, Benjamin Willis, alichagua kuweka madarasa ya kuhamishika katika viwanja vya shule zilizofurika kuliko kuwahamishia watoto penye nafasi. Wazazi waliyabandika madarasa hayo jina la mabehewa ya Willis. Tarehe 22 Oktoba 1963, wanafunzi zaidi ya 200,000 walisusia shule, na wengi wakaenda makanisani kwenye madarasa ya siku moja yaliyoitwa pia Shule za Uhuru. Februari 1964 mgomo kama huo New York uliwahusisha zaidi ya wanafunzi 460,000, wengi kuliko waliohudhuria maandamano ya Washington. Masimulizi ya njia moja hayana nafasi ya mgomo huo.

Ni katika mazingira hayo King alipopanga nyumba Lawndale Januari 1966. Tarehe 5 Agosti alipigwa jiwe katika maandamano ya Marquette Park, na tarehe 26 Agosti makubaliano na viongozi wa jiji yakafikiwa, ambayo wanaharakati wengi waliyaona dhaifu. Sheria ya makazi ya haki ilipitishwa Aprili 1968, siku chache baada ya kifo chake. Mwalimu anayezijua zile njia nne anaweza kueleza kwa nini sheria hiyo ilichelewa, na kwa nini haikuweza kurudisha nyumba zilizokwisha kupotea. Asiyezijua ataishia kusimulia jiwe.

5. Brooklyn: Kiswahili kinaingia darasani

Swali la nani amfundishe mtoto Mweusi wa mjini lilifikia kilele chake Brooklyn. Mwaka 1967 wilaya ya majaribio ya Ocean Hill–Brownsville ilipewa bodi ya wananchi, na Rhody McCoy akawa msimamizi wake. Mei 1968 bodi iliwaondoa walimu na wasimamizi 19, wengi wao Wazungu. Chama cha walimu, chini ya Albert Shanker, kilijibu kwa migomo iliyofunga shule za jiji kwa siku 36 za masomo katika vuli ya mwaka huo. Wananchi walidai haki ya kuchagua walimu wa watoto wao. Chama kilidai haki ya mwalimu ya kutofukuzwa bila utaratibu. Madai yote mawili yalikuwa na mashiko, na hapo ndipo uzito wa kisa hiki kwa mwalimu wa historia: hakina mwovu mmoja wa kunyooshewa kidole.

Miongoni mwa walimu wa wilaya hiyo alikuwamo Les Campbell, aliyejulikana baadaye kwa jina la Jitu Weusi. Baada ya jaribio kuvunjika, yeye na wenzake walianzisha kituo cha utamaduni kilichoitwa The East, na mwaka 1970 wakafungua shule yao: Uhuru Sasa Shule. Chicago, Haki Madhubuti, ambaye jina lake la awali ni Don L. Lee, na wenzake walikuwa wameanzisha taasisi ya elimu mwaka 1969, ambayo baadaye ilizaa shule. Newark kulikuwa na shule ya Kiafrika ya kundi la Amiri Baraka, na East Palo Alto, California, kulikuwa na shule iliyoitwa Nairobi. Mwaka 1972 shule huru za aina hiyo ziliunda baraza lao. Kabla ya hapo, mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya moto wa Watts, Maulana Karenga alikuwa ameanzisha sikukuu ya Kwanzaa huko Los Angeles pamoja na Nguzo Saba: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani.

Wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kuyatazama maumbo haya kwa tabasamu. Uhuru Sasa Shule imefuata mpangilio wa Kiingereza, ambapo kivumishi hutangulia nomino. Kiswahili kingesema Shule ya Uhuru Sasa. Jitu Weusi halina upatanisho wa ngeli, maana jitu hudai jeusi. Kwanzaa ina herufi moja ya ziada, inayolifanya neno kuwa na herufi saba sawasawa na nguzo. Aidha, wakosoaji wamesema mara nyingi kwamba wahenga wa Wamarekani Weusi wengi walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati Magharibi, si pwani ya Mashariki.

Lawama hizo ni sahihi kwa kipimo chake, lakini kipimo chenyewe hakitoshi. Kwanza, jina la shule lilikuwa tafsiri ya wito mkuu wa vuguvugu lenyewe, dai la uhuru wa sasa hivi. Mpangilio wa maneno unaonyesha wazi kwamba lugha hiyo ilijifunzwa kamusini na kwenye mikutano, na watu wazima waliokuwa na haraka. Huo ni ushahidi wa kihistoria kuhusu maandalizi ya walimu hao. Pili, kuchagua lugha isiyo ya kabila moja kulikuwa uamuzi wa kisiasa. Waliochagua walitaka lugha ya Kiafrika isiyomilikiwa na taifa moja, na Tanzania ya Nyerere ilikuwa imeonyesha kwamba lugha kama hiyo inaweza kuendesha dola na shule.

Tatu, wakati mwingine mwenye kutabasamu ndiye mwenye kukosea. Mfano ni neno ujima. Kwa msomaji aliyepitia vitabu vya historia vya Tanzania, ujima ni mfumo wa kale wa uzalishaji mali kabla ya matabaka, na kwa hiyo kuufanya kanuni ya maisha ya Brooklyn kunaweza kumwonekania kichekesho. Lakini maana hiyo ya kitaaluma ni ya juzi. Maana ya msingi ni kazi ya kusaidiana, kama majirani wanapolimiana mashamba kwa zamu, na ndiyo iliyo karibu zaidi na fasiri ya Nguzo Saba, yaani kazi na wajibu wa pamoja. Vivyo hivyo, kujichagulia lilitumika kwa dhana ambayo lugha ya siasa ya Afrika Mashariki huiita kujitawala au kujiamulia. Kwa wazazi waliokuwa wametoka kugombea haki ya kuchagua walimu, kitenzi chagua hakikuwa mbali na walichokuwa wakikidai.

Lugha ilipita pia kwa watoto. Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, aliandika kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili kilichotoka mwaka 1971 na cha alfabeti kilichotoka mwaka 1974, vyote vikiwa na michoro ya Tom Feelings na vyote vikitambuliwa katika tuzo kubwa ya vitabu vya picha Marekani. Kwa walimu wasiojua Kiswahili, vitabu hivyo vilikuwa mafunzo kazini: mwalimu alijifunza moja, mbili, tatu siku ileile aliyoyafundisha.

6. Kutoka Mississippi hadi Same

Mawasiliano hayakuwa ya upande mmoja. Robert Moses, aliyeongoza mpango wa kiangazi wa Mississippi wa 1964, aliishi Tanzania kuanzia mwaka 1969 hadi 1976, akifundisha hisabati katika shule ya sekondari ya Same, mkoani Kilimanjaro. Charles Cobb, aliyebuni wazo la Shule za Uhuru, naye aliishi Tanzania kwa muda mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walifika katika nchi ambayo Machi 1967 ilikuwa imetangaza Elimu ya Kujitegemea, waraka uliodai kwamba shule iwaandae watoto kwa maisha ya jamii yao, na uliosomwa pia na waanzilishi wa shule huru za Marekani. Mwaka 1982, baada ya kurudi Marekani, Moses alianzisha mradi wa kufundisha aljebra kwa watoto wa mijini, akishikilia kwamba hisabati katika zama za kompyuta ni sawa na kura katika Mississippi ya 1964: asiye nayo hana uraia kamili.

Haitoshi kudai kwamba Same ndiyo iliyozaa mradi huo; chimbuko lake lilikuwa Mississippi. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mmoja wa walimu wakuu wa vuguvugu alitumia miaka saba ya maisha yake ya kazi katika mfumo wa shule wa Tanzania. Wanafunzi wa ualimu wa Afrika Mashariki wanaosoma Vuguvugu la Haki za Kiraia kama habari za mbali wanaweza kuanzia hapo, wilayani Same.

7. Msamiati wa mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili

Anayefundisha mada hii kwa Kiswahili hukutana na mtego wa neno ubaguzi. Neno hilo hubeba mambo mawili: kumtendea mtu vibaya kwa rangi yake, na kuwaweka watu mahali tofauti kwa rangi zao. La kwanza ni tendo la mtu. La pili ni mpango wa mji. Mwanafunzi anapoambiwa kwamba Chicago ilikuwa na ubaguzi humfikiria Mzungu mwenye chuki, naye karani mpole wa benki aliyefuata ramani akaponyoka. Inafaa neno ubaguzi libaki kwa tendo na msimamo, na utengano litumike kwa mpangilio wa makazi na shule. Tofauti hiyo ikishikwa, mwanafunzi ataelewa kwamba utengano unaweza kudumu hata chuki ikipungua.

Neno geto nalo linahitaji tahadhari. Kwa vijana wa Tanzania, geto ni chumba cha kupanga cha kijana asiyeoa, na lina ladha ya uhuru. Nairobi hutaja mtaa wa mabanda. Mwalimu anayelitumia kwa Lawndale bila ufafanuzi huibua picha ambayo siyo, kwa kuwa Lawndale ilikuwa na nyumba imara za matofali zilizonunuliwa kwa bei ya kuumiza.

Kwa bahati njema, Kiswahili kina hazina inayosaidia. Dar es Salaam ya ukoloni iligawanywa katika kanda kwa aina ya majengo yaliyoruhusiwa. Chini ya Waingereza kanuni zilitaja viwango vya nyumba badala ya rangi ya mkaazi. Wenyeji hawakudanganyika: walitaja Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kile ambacho kanuni haikukitamka, lugha ilikiweka katika kiambishi cha mahali. Chicago na Dar es Salaam zina historia tofauti, hasa kwa kuwa moja ilikuwa koloni. Lakini mwanafunzi anayejua kwamba Uzunguni haikuhitaji bango la kumkataza Mwafrika ana ufunguo wa kuielewa ramani ya Chicago.

8. Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kila historia ya Wamarekani Weusi ilipopiga hatua shuleni, kulikuwa na juhudi ya kumwandaa mwalimu: jarida na juma la Woodson, mada za Morgan, chumba cha nyuma cha Robinson, maswali ya Mississippi, na shule za Brooklyn na Chicago zilizotafuta lugha mpya ya kujitaja. Juhudi hiyo ilipofifia, kama Chicago baada ya vita, mada nazo zilififia. Mvutano huo haujaisha. Januari 2023 mamlaka ya elimu ya Florida ilikataa kozi mpya ya sekondari kuhusu Wamarekani Weusi, na mzigo wa kuamua lipi litamkwe darasani ukamwangukia mwalimu.

Kwa taaluma ya Kiswahili yapo mambo mawili ya kufanya. Kwanza, Kiswahili cha Wamarekani Weusi cha miaka ya 1966 hadi 1980 kikusanywe na kichambuliwe kama lahaja ya kisiasa yenye wasemaji, shule na matini zake, badala ya kutajwa pembeni kama mkusanyiko wa makosa. Pili, vyuo vya ualimu vinavyofundisha historia ya dunia vimpatie mwalimu maelezo ya utendaji na msamiati wa kuyaeleza: hati, mkopo, mkataba, mpaka wa shule. Mwalimu mwenye vitu hivyo, mwanafunzi akimuuliza kwa nini Watts iliwaka siku tano baada ya sheria ya kura, atakuwa na jibu.